Doa kwenye kioo cha laptopu: Usikimbilie kwa fundi kabla hujalipima

UMEJINYIMA miezi kadhaa na hatimaye umepata laptopu iliyotumika pale Luthuli Avenue, Nairobi. Umefika nyumbani, umefungua ukurasa mweupe uandike kazi ya chuo, na hapo katikati kuna nukta nyeusi. Unaifuta kwa kidole, haitoki. Unaifuta kwa shati, bado ipo. Moyo unaanza kwenda mbio.

Hebu tulia. Kioo cha kompyuta kimeundwa kwa vijinukta vinavyoitwa pikseli. Kioo cha kawaida cha 1920 kwa 1080 kina pikseli zaidi ya milioni 2, na kila moja ina sehemu 3: nyekundu, kijani na buluu. Kila sehemu ina transista yake inayoamua mwanga upite kiasi gani. Piga hesabu: transista zaidi ya milioni 6 kwenye kioo kimoja! Moja ikigoma, wala si ajabu.

Sasa, kuna kufa na kuna kukwama. Pikseli iliyokufa haipitishi mwanga, hivyo hubaki nyeusi hata ukibadilisha rangi. Iliyokwama hung'aa rangi moja tu, tuseme nyekundu au kijani, na haitii amri ya kubadilika. Ya kwanza ni nadra kufufuka. Ya pili ina matumaini.

Nyingine hutoka kiwandani hivyo hivyo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-307 kinagawa vioo kwa madaraja, na ni lile la juu kabisa pekee lisiloruhusu pikseli mbovu hata moja. Ndiyo maana unaweza kwenda na waranti yako na risiti mkononi, uambiwe doa moja halitoshi kubadilishiwa kioo. Nyingine tunazisababisha wenyewe: begi limebanwa kwenye matatu huku chaja ikisukuma kifuniko, au unainua laptopu kwa kushika pembe ya kioo. Hiyo tabia ya pembe tuiache jamani.

Kabla ya lolote, piga picha ya skrini kwa laptopu yenyewe kisha ujitumie kwenye simu. Doa likionekana kwenye simu, kioo hakina kosa. Tatizo liko kwenye programu au sehemu inayotengeneza picha. Lisipoonekana, basi ni kioo.

Kwa pikseli iliyokwama, jaribu programu inayomwekamweka rangi kwa kasi juu ya doa. JScreenFix ni ya bure na hufanya kazi ndani ya kivinjari. Iburute hadi kwenye doa, iache kwa dakika 10 au zaidi, halafu uangalie. Usikae ukiikodolea macho, na kama una kifafa, mwachie mtu mwingine kazi hiyo.

Kuna wanaofunga kitambaa laini kidoleni na kubonyeza doa polepole. Wapo waliofaulu, lakini mimi singejaribu kwenye laptopu. Kioo chake ni chembamba, na ukizidisha nguvu kidogo tu, doa moja linazaa matano.

Likiwa ni doa linalotambaa kama wino uliomwagika, hapo kioo kimepasuka ndani. Mstari kutoka juu hadi chini nao huenda ni waya wa kioo umelegea. Hayo ni ya fundi. Ila fundi akikwambia atabadilisha pikseli moja tu, chukua laptopu yako uondoke, maana pikseli haibadilishwi peke yake. Hubadilishwa kioo kizima, na kipya lazima kilingane na cha zamani kwa ukubwa na kwa idadi ya pini za waya, 30 au 40. Muulize kabla hujatoa hata shilingi.

Kama bado hujanunua, una bahati. Weka kwenye simu picha 5 za rangi tupu: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani na buluu. Ukifika dukani, mwombe muuzaji uzihamishie kwenye laptopu na uzifungue zijaze kioo chote, moja baada ya nyingine. Ukipata doa pembeni na mashine yenyewe ni poa, mwonyeshe, halafu muanze kuongea bei upya.