Je, Kobe Hujivua Gamba?

Katika zoezi moja la kutafsiri, wenzangu wawili wa promosyo waliandika kwamba kobe "hujivua gamba" anapokua. Mwalimu akauliza ni nani aliyewahi kuliokota gamba hilo porini. Kimya. Mimi nimekulia Masisi, na likizo zangu nilizipitisha kwa mjomba, chini kule kwenye msitu wa Walikale. Jibu nililijua, ila nililijua kwa njia ya aibu.

Kosa limeanzia kwenye neno. Samaki ana magamba, nyoka hujivua gamba, na nyumba ya kobe nayo tunaiita gamba. Mwaka 2011, chama tawala cha Tanzania kiliposema kitajivua gamba, kila msikilizaji alimwona nyoka. Kifaransa tunachosomea kina maneno matatu hapo: mue, écaille na carapace. Sisi tuna moja, nalo linatuponza.

Gamba la kobe lina tabaka mbili. La ndani ni mfupa mtupu: upande wa juu pekee una mifupa kama 50, zikiwemo mbavu zilizopanuka na kushikana na uti wa mgongo. Kobe hawezi kulitoka, kama mimi nisivyoweza kukitoka kifua changu. Gamba tupu ukilikuta njiani, mwenyewe amekufa. Juu ya mfupa kuna vigae vya keratini, kitu kilekile cha kucha na pembe.

Mfupa hukua pamoja na mnyama. Kigae nacho huongezewa tabaka jipya kutoka chini, pana kuliko la zamani. Kwa kobe wa nchi kavu la zamani hubaki juu, kama sahani ndogo juu ya kubwa, na kingo zake ndizo ile mistari ya duara. Watu huihesabu kama miaka. Lakini mstari hufuata vipindi vya kushiba na kukosa, na Walikale mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Kwa mzee, mistari imeshasuguka ikafutika. Kobe wengi wa majini ndio hubambua vigae vya zamani, kimoja kimoja, vyembamba kama ganda la kitunguu. Kwa hiyo wenzangu walikosea nusu tu: kuna kobe wanaovua vigae, ila hakuna anayevua gamba.

Kobe wa msitu wetu, Kinixys erosa, ana ajabu nyingine. Sehemu ya nyuma ya gamba lake ina bawaba. Huishusha akafunga miguu ya nyuma. Jina lake limetokana na Kigiriki, kusogea na kiuno. Mtoto wake huanguliwa bila bawaba hiyo. Hujitengeneza kadiri anavyokua.

Huyo ndiye niliyemshika nikiwa na miaka tisa, mjomba akitoboa ukingo wa gamba kwa msumari wa moto ili apitishe kamba, tumfunge hadi siku ya soko. "Ni kama ukucha, hasikii," aliniambia. Kobe alivuta kichwa ndani, akatoa pumzi ndefu. Msumari ulipita kigae ukaingia kwenye mfupa, penye damu na neva. Damu niliiona. Nilifikiri imetoka kidoleni mwangu, nikakinyonya, nikakuta hakina jeraha.