Kompyuta Tatu, Hesabu Moja: Unganisha Mashine za Duka Lako kwenye Seva ya Faili

Jioni unafunga hesabu. Kompyuta ya kaunta inasema hivi, ya ofisini inasema vile, na stetimenti ya pesa za simu ina jibu la tatu. Pengine hakuna aliyeiba. Shida ni kwamba kila kompyuta ina nakala yake ya faili ya mauzo, na flashi imezunguka mkono kwa mkono kutwa nzima.

Dawa ni faili moja, mahali pamoja. Mahali hapo ndipo panaitwa seva ya faili.

Seva ni nini hasa?

Usitishwe na jina. Seva ni kompyuta inayohifadhi faili na kuzitoa kwa kompyuta nyingine zikiziomba. Kwa duka dogo, kompyuta ya kawaida yenye Windows 11 inatosha, maana inaruhusu hadi vifaa 20 kuunganishwa kwa wakati mmoja. Hakikisha tu haizimwi wala hailali watu wakiwa kazini.

Hatua kwa hatua

1. Unganisha kompyuta zote kwenye rauta moja. Seva itumie waya, kwa sababu Wi-Fi ikiyumba kazi hukatika katikati.
2. Ipe seva jina rahisi, mfano DUKA-SEVA. Kwenye rauta, itengee anwani ya IP isiyobadilika, mfano 192.168.1.10. Jina lisipopatikana, utatumia anwani hiyo.
3. Kwenye seva, tengeneza folda ya Mauzo. Ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, kisha chagua kuishiriki.
4. Fungulia kila mfanyakazi akaunti yake kwenye seva, na nenosiri lake mwenyewe.
5. Kwenye kompyuta ya kaunta, fungua dirisha la faili, andika juu \\DUKA-SEVA\Mauzo, bonyeza Enter, kisha weka jina la akaunti na nenosiri. Ipe folda hiyo herufi, kama Z, ili uipate haraka kila siku.

Ikigoma, jiulize: seva imewaka? Zote ziko kwenye mtandao mmoja? Je, Windows imeutambua mtandao wenu kama wa umma? Ikiwa ndivyo, kwa kawaida huzuia kushiriki faili. Ubadilishe uwe wa faragha.

Na mtu mmoja akiwa ameifungua faili ya Excel, wa pili kwa kawaida ataambiwa inatumika, aisome tu. Hiyo si hitilafu. Ndiyo inayowazuia wawili kufutiana kazi.

Nani aone nini?

Rekodi zako zina majina na nambari za simu za wateja, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakutaka uzilinde. Kwa hivyo usishiriki folda na kila mtu. Keshia aandike kwenye Mauzo, lakini Mishahara asiweze kuifungua. Wateja wanaotumia Wi-Fi yako wape mtandao wa wageni ulio kando. Na PIN yako ya pesa za simu usiiandike kwenye faili yoyote, hata iliyofichwa.

Mlango usiouacha wazi

Mei 2017, programu hasidi iitwayo WannaCry ilifunga faili za watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai malipo. Ilipitia kasoro kwenye mfumo huu huu wa Windows wa kushiriki faili. Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho tangu Machi, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimeyawekwa.

Kwa hivyo, sasisha Windows kila inapokuomba. Fundi akitaka kufungua poti 445 kwenye rauta ili uone faili ukiwa nyumbani, mkatalie.

Mwisho, seva si nakala ya akiba. Kompyuta moja ikiambukizwa, inaweza kufunga hata faili zilizo kwenye Z. Kila jioni nakili folda kwenye diski ya nje, kisha uichomoe na kuiweka mahali salama. Mara moja kwa mwezi, jaribu kufungua faili kutoka kwenye diski hiyo uone kama kweli inafunguka.

Anza na folda moja tu, Mauzo. Jioni, ilinganishe na stetimenti yako ya pesa za simu. Zikitofautiana, sasa utajua pa kuangalia.