Mtoto si mjinga, ila herufi humpiga chenga

KATIKA mtaa wa Olympic, Kibera, si ajabu kumpata mtoto anayejumlisha chenji dukani bila kukosea na kusimulia hadithi kwa ufasaha, lakini akipewa kitabu anakwama katika mstari wa kwanza. Aghalabu huitwa mvivu au mjinga. Huenda mtoto huyo ana disleksia.

Disleksia si ugonjwa wa macho wala upungufu wa akili. Ni hali ambapo ubongo hupata taabu kutenganisha sauti zinazojenga neno na kuzihusisha na herufi zake. Mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Makadirio ya wataalamu hutofautiana, lakini mengi hutaja kati ya asilimia 5 na 10 ya watu. Kwa hesabu hiyo, darasa la wanafunzi 60 laweza kuwa na watoto watatu hadi sita wa aina hii.

Jambo hili si geni. Mwaka 1896, daktari Mwingereza W. Pringle Morgan aliandika kuhusu mvulana wa miaka 14 aliyeshindwa kusoma, ilhali mwalimu wake aliamini angekuwa mwanafunzi hodari kuliko wote shuleni iwapo masomo yangefundishwa kwa mdomo pekee.

Dalili zake hutegemea lugha. Maandishi ya Kiswahili hufuata matamshi kwa karibu, hivyo mtoto aweza kusoma bila makosa mengi lakini polepole mno, silabi kwa silabi, hata akifika mwisho wa sentensi awe amesahau ilivyoanza. Kiingereza humlemea zaidi, kwani herufi zile zile hubadili sauti, kama katika maneno "tough", "though" na "through". Kuandika "dada" badala ya "baba" ni kawaida kwa anayeanza kusoma. La kutiliwa shaka ni kosa hilo kudumu miaka kadhaa, pamoja na tahajia mbovu na kuchukia kusoma kwa sauti.

Kibera, utambuzi huu hukabiliwa na vizingiti. Shule ya Msingi ya Olympic, iliyosifika kwa matokeo mema ya mtihani wa KCPE, ilifurika wanafunzi elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure Januari 2003. Katika msongamano, mtoto anayekaa kimya haonekani upesi. Aidha, watoto wengi huongea Sheng, Kinubi, Kiluo au Kiluhya nyumbani, hivyo ni rahisi kudhani kwamba shida ni ugeni wa lugha ya shuleni.

Mitihani nayo huficha ukweli. KCPE, iliyofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, ilimtaka mtahiniwa asome maswali mwenyewe hata katika hisabati. Aliyejua kugawanya lakini hakuweza kusoma swali alihesabiwa kuwa hajui hisabati.

Hakuna dawa ya disleksia, lakini mafunzo yanayofaa husaidia sana: kufundisha sauti na herufi hatua kwa hatua, kurudia mara nyingi, kumwongezea mwanafunzi muda na kutomlazimisha kusoma mbele ya wenzake. Kiboko, kilichopigwa marufuku shuleni mwaka 2001, hakifundishi herufi.

Mzazi anayeshuku aanze kwa kupimisha macho na masikio ya mtoto. Kisha aulize shuleni kuhusu kituo cha tathmini ya elimu kilicho karibu. Huduma hiyo ilianzishwa nchini mwaka 1984. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya (KISE), iliyoundwa mwaka 1986, pia hufanya tathmini huko Kasarani, ingawa nauli ya kuvuka jiji ni mzigo kwa familia nyingi za Kibera.

Hata hivyo, hatua ya kwanza haihitaji nauli. Mwalimu amsomee mtoto swali alilokosa kwenye karatasi, kisha asikilize jibu lake. Likiwa sahihi, mtoto anajua somo. Kilichomshinda ni maandishi, na msaada uanzie hapo.