Sanaa yetu yahitaji kutunzwa, si kufadhiliwa tu

Litaje jina la Kitengela mbele ya wapenzi wa sanaa walioko Nairobi, au hata Ulaya, na kitakachowajia akilini ni vioo vya rangi. Litaje mbele ya wanafunzi wangu waliozaliwa na kulelewa huko, nao watakumbuka msongamano wa magari katika barabara ya Namanga, nyumba za kupanga na viwanda vya Athi River. Muhula uliopita niliwauliza wanane kati yao iwapo wamewahi kufika kwenye karakana za vioo. Ni mmoja tu aliyekuwa amefika, naye alikuwa amempelekea mjomba wake chakula, aliyekuwa akijenga ukuta huko.

Karakana hizo, kusema kweli, haziko mjini Kitengela. Ziko kwenye uwanda, ng'ambo ya bonde la mto Mbagathi, mpakani mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na wengi huzifikia kwa njia ya Ongata Rongai. Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani, alihamia huko mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuanza kazi ya vioo. Mwanawe, Anselm, akaendeleza ufundi wa kupuliza vioo vilivyoyeyushwa. Vioo vikuukuu ambavyo vingetupwa hugeuzwa bilauri, taa na madirisha ya makanisa. Vijana wengi wa Kenya wamejifunza kazi humo. Hata hivyo, kwa jirani wa kawaida, mahali hapo ni pa watalii.

Siwalaumu wenye karakana, wala siwalaumu wanafunzi wangu. Nadhani tatizo letu linaanzia katika neno tunalolitumia. Tunapozungumzia kuisaidia sanaa, sisi husema ufadhili. Neno hilo latokana na fadhila, na mtenda fadhila aghalabu hutazamiwa kutoka juu au kutoka mbali: balozi, shirika, mgeni mwenye hundi. Lakini Kiswahili kina neno jingine kongwe zaidi katika shughuli hii, nalo ni kutunza. Mwimbaji wa taarabu anapoukonga moyo wa msikilizaji, msikilizaji huinuka, akamwendea na kumtunza kwa noti mbele ya watu wote. Kitenzi hicho hicho ndicho tutumiacho kwa mtoto na kwa shamba. Anayetunza huwa karibu, hukijua anachokitunza, na kesho atakihitaji tena.

Wamaasai wa Kajiado hawakuhitaji kufundishwa jambo hili. Ushanga wa kioo, ambao leo ndio alama yao duniani kote, ni kitu cha kigeni kwa asili. Uliundwa Ulaya, hasa Venice na Bohemia, ukapita pwani yetu na kuingia bara kwa misafara ya biashara. Kwa hiyo wanaosema kwamba kioo ni sanaa ya Wazungu wangefaa kwanza kuitazama shingo ya bibi harusi wa Kimaasai. Ushanga ulipata wenyewe kwa sababu ulikuwa na kazi: ulieleza rika, ulieleza ndoa, na kila sherehe iliudai upya. Mama aliyeutunga hakuandika barua ya kuomba msaada popote.

Sherehe hizo sasa zinapungua. Mwaka wa 2018, UNESCO iliziweka Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, sherehe tatu za mapito ya rika za wanaume wa Kimaasai, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Ardhi iliyokuwa ya wote imekatwa vipande na kuzungushiwa nyaya. Kwa mujibu wa hesabu ya watu, Kaunti ya Kajiado ilikuwa na wakazi 687,312 mwaka wa 2009. Kufikia 2019 walikuwa wamefika 1,117,840. Wengi wa hawa wapya wametoka makabila mbalimbali, na hawana sherehe moja ya kuwakutanisha. Wanakutana kwenye kituo cha matatu. Huko ndiko sanaa ya jamii ingeweza kuzaliwa upya, laiti pangekuwa na mahali pa kusimama.

Tuutoke mji huu kidogo twende Limuru, maana Kamirithu ingali inatudai. Mwaka wa 1977 wakulima na vibarua wa kijiji hicho walijenga kwa mikono yao ukumbi usio na paa wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000, wakaigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Leseni iliondolewa mwezi wa Novemba mwaka huo huo, na ukumbi ukabomolewa mwaka wa 1982. Wengi hulikumbuka tukio hilo kwa siasa yake. Mimi hulikumbuka kwa mazoezi yake: yalifanyika hadharani, wanakijiji wakisikiliza na kusahihisha lugha ya wahusika. Siku ya maonyesho ilipofika, mchezo ulikuwa tayari ni wao.

Linganisha na desturi ya shule zetu. Nimewahi kukaribishwa katika shule moja ya upili kaunti hii, nikatazame mazoezi ya mchezo wa tamasha za drama. Ulikuwa mchezo mzuri, wenye Kiswahili safi na utani wa Kimaasai uliotufanya tucheke hadi machozi. Ulionyeshwa mbele ya majaji, ukashindwa kwa alama chache, mapambo yakatupwa nyuma ya jiko. Hakuna mzazi aliyeuona. Soko la mji huo lilikuwa hatua mia tatu kutoka langoni.

Ataniuliza mtu: ng'ombe walikufa kwa ukame wa 2021 na 2022, nawe wataka michezo? Swali hilo ni la haki, na lina jibu. Mifugo inapoangamia, kina mama wengi hutegemea mauzo ya ushanga. Tena, sidai jumba la mamilioni. Nadai kiwanja kisichouzwa, jukwaa la saruji, na ruhusa isiyomzungusha mwalimu katika ofisi tatu.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma, zikiwemo maktaba na makumbusho. Kwa hiyo dai hili lina mahali pa kupelekwa, nalo si ombi la fadhila. Lakini katika vikao viwili vya maoni ya wananchi nilivyohudhuria, watu walidai barabara, maji na zahanati, kama ilivyopasa, na hakuna aliyetaja sanaa. Nami, nakiri, nilinyamaza.

Makadirio ya bajeti hupaswa kufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, kisha wananchi huitwa kutoa maoni. Huo ndio msimu ambao wanafunzi hurejea kutoka tamasha za drama, maneno ya michezo yao yakiwa bado vinywani. Mwalimu aliye karibu na soko angeweza kuwapeleka huko Jumamosi moja, kiingilio shilingi ishirini, kisha aende kwenye kikao cha bajeti akiwa na hesabu ya waliolipa.