Marathoni ya Oktoba kwa Aliyevuka Miaka 70

Tarehe 16 Oktoba 2016 Mkenya Philemon Rono alishinda marathoni ya Toronto Waterfront nchini Kanada. Hazikutimia saa mbili baada yake, mzee mwembamba wa miaka 85, mvi zake zikipeperuka, akavuka mstari uleule. Ed Whitlock alikuwa ametumia saa 3, dakika 56 na sekunde 34. Hakuna mtu wa umri wake aliyekuwa amewahi kumaliza marathoni chini ya saa 4.

Mbio hizo hupita kando ya Ziwa Ontario, msimu ambao majani ya miti, ukiwamo ule wenye jani lililochorwa kwenye bendera ya Kanada, hugeuka manjano na mekundu kabla ya kupukutika. Mandhari hayo huwavuta wengi. Hata hivyo, kwa mkimbiaji mzee, neema kubwa ya Oktoba ni ubaridi wake.

Misuli inayokimbia huzalisha joto jingi. Kadiri umri unavyosogea, jasho hupungua, na damu haiendi tena kwa wepesi kwenye ngozi kulitoa joto hilo nje. Asubuhi ya nyuzi 10 humwondolea mzee sehemu kubwa ya mzigo huo. Lakini baridi hiyohiyo humdanganya: kiu, ambayo uzeeni tayari huchelewa, huzidi kufifia. Anywe kidogo kidogo vituoni, bila kuisubiri kiu na bila kujijaza maji.

Moyo nao una kikomo chake. Kanuni moja inayotumika sana hukadiria mapigo ya juu kabisa kwa kuchukua 208 na kutoa asilimia 70 ya umri: mtu wa miaka 40 hupata 180 kwa dakika, wa miaka 70 hupata 159. Pengo hilo la mapigo 21 halizibwi kwa ari. Anayeondoka na kundi la vijana kwa sababu tu anajisikia mwepesi hulipa deni hilo baada ya kilomita ya 30. Kipimo rahisi ni mazungumzo: akishindwa kutamka sentensi nzima mwanzoni mwa mbio, apunguze mwendo.

Whitlock, mhandisi mstaafu, alikuwa bingwa wa subira hiyo. Katika mji wa Milton alizunguka makaburi yaliyo karibu na nyumbani kwake, hatua fupi, mwendo wa polepole, hadi saa 3 kwa siku. Magoti yalipogoma, alipumzika mpaka yapone. Mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alikimbia marathoni hapohapo Toronto kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48. Bila shaka alijaliwa mwili wa pekee, na si kila mzee aige saa zake. Kinachoigika ni kuupa mwili muda wa kuzoea.

Njiani, majani yaliyolowa huteleza na kuficha mashimo, na mtu wa miaka 70 akianguka huweza kuvunjika nyonga. Kwenye mteremko afupishe hatua, kwa kuwa hapo mapaja ndiyo hufanya kazi ya breki na ndipo huumia zaidi.

Akimaliza, asiketi ghafla, maana shinikizo la damu hushuka na kizunguzungu hufuata. Atembee dakika kadhaa, avue fulana iliyolowa jasho na avae nguo kavu mara moja, kwani upepo wa ziwani humpoza mzee haraka kuliko kijana.