Imani, Amana na Amri: Mapokezi ya Masharti ya Ebola Katika Beni na Butembo, 2018–2020

Maneno imani, amana na amani yana shina moja la Kiarabu, na ukoo huo si jambo la sarufi tu. Aaminiye huweka kitu chake mikononi mwa mwingine akitaraji kuwa kitakuwa salama. Serikali inapotoa masharti makali wakati wa maradhi ya kuambukiza, huwataka raia waweke amana ya namna hiyo: wagonjwa wao, maiti zao, na hata haki yao ya kulia msibani. Raia wakikataa, aghalabu husemwa kuwa wamefungwa na mila. Yaliyotukia Beni na Butembo, katika Kivu ya Kaskazini, mashariki ya Kongo, yanaonyesha kuwa maelezo hayo hayatoshi.

Ebola ilitangazwa huko tarehe 1 Agosti, 2018, na mwisho wake ukatangazwa tarehe 25 Juni, 2020, baada ya kuua watu 2,287. Yafaa ikumbukwe kuwa tangu Oktoba, 2014, raia wa sehemu za Beni walikuwa wakichinjwa na makundi yenye silaha. Ndipo wenyeji walipouliza ni kwa nini magari na fedha nyingi kiasi hicho vilikuja kwa ajili ya Ebola, ilhali waliokufa kwa mapanga hawakuletewa chochote cha kulingana navyo. Hilo ni swali la mtu anayepima mkono wa anayetaka kupewa amana, wala halina harufu ya ujinga.

Lugha nayo haikusaidia. Kazi nzima ya kupambana na maradhi iliitwa kwa Kifaransa riposte, neno litokalo katika mchezo wa upanga, lenye maana ya kurudisha pigo. Katika nchi iliyojaa askari, jina hilo halikuwa la kutuliza moyo. Isitoshe, matangazo mengi yalitolewa kwa Kifaransa au kwa Kiswahili sanifu, hali wenyeji husema Kinande na Kiswahili cha Kongo. Katika uchunguzi uliofanywa Septemba, 2018, miongoni mwa watu wazima 961 wa miji hiyo miwili, yapata robo hawakusadiki kuwa Ebola ilikuwapo, na waliowaamini viongozi wa mahali hapo hawakufika theluthi. Walio na imani haba ndio waliokuwa wazito zaidi kukubali chanjo na kwenda hospitali.

Kisha, tarehe 26 Desemba, 2018, tume ya uchaguzi ilitangaza kuwa upigaji kura wa Beni na Butembo umeahirishwa hadi Machi, 2019, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Rais alichaguliwa tarehe 30 Desemba bila kura zao. Kesho yake baada ya tangazo, kituo cha wagonjwa mjini Beni kilishambuliwa. Lakini siku ya uchaguzi wenyeji wa Beni walijifanyia kura yao ya mfano, wakapanga foleni, wakanawa mikono kabla ya kupiga. La kuzingatiwa ni huko kunawa mikono. Sharti la afya walilitii kwa hiari. Walilolikataa ni kutumiwa kwa sharti hilo kuwanyang'anya haki yao.

Mazishi ndiyo yaliyokuwa mtihani mkubwa. Kuosha maiti, kuigusa na kuiaga ni huduma ya mwisho ambayo jamaa humfanyia mwenzao, na maiti ya Ebola ina virusi vingi mno. Wageni waliovaa mavazi yaliyowafunika hata nyuso walifika, wakafunga maiti mfukoni, wakaenda zao. Na palipokosekana shahidi, uvumi ulijaza nafasi, ikasemwa kuwa jeneza ni tupu au kuwa viungo vimeuzwa.

Dawa ya uvumi huo haikupatikana kwa kuongeza askari. Ilianza kupatikana jamaa waliporuhusiwa kuuona uso wa marehemu, kufuata jeneza na kusikia sala za dini yao. Katika baadhi ya vituo wagonjwa waliwekwa katika vyumba vya plastiki iliyo angavu, mama akaweza kusimama nje, akamwona mwanawe anatibiwa, akasema naye. Na hapo kanuni ya kutogusana haikulegezwa hata chembe.