Nani ana "Kufa na Kupona"?

"Wakuu, habari za humu ndani. Naomba mwenye Kufa na Kupona anirushie." Ujumbe wa namna hii hauishi katika makundi ya wasomaji, na hauchelewi kujibiwa. Wa kwanza atasema hata yeye anakitafuta. Wa pili ataeleza kwamba alikisoma akiwa darasa la sita, hakina jalada wala kurasa za mwisho, na hadi leo hajui Willy Gamba aliishia wapi. Wa tatu atasema Musiba alikuwa mkali, lakini kwa Mtobwa asubiri. Hapo ndipo mambo huharibika. Mwombaji akirudi jioni anakuta ujumbe tele, watu wawili wamenuniana, na kitabu hakuna.

Kufa na Kupona kilitoka mwaka 1974. Aristablus Elvis Musiba alimtuma jasusi wake, Willy Gamba, Nairobi kufuatilia siri zilizoibwa za wapigania uhuru, akampa bastola, hoteli nzuri na wanawake wasioaminika, na vijana wa wakati ule wakakisoma hadi kikachanika. Walikuwa wamezoea kuazimana riwaya za James Hadley Chase. Sasa walipata mtu wao, anayevaa suti na kutishia watu kwa Kiswahili. Faraj Katalambulla alikuwa ameshafungua njia kwa Simu ya Kifo mwaka 1965, na baada ya Musiba akaja Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Vyuoni kazi hizi ziliitwa fasihi pendwa na kuwekwa kando, na mitaala ya sekondari kwa muda mrefu ikazipita kama basi lililojaa. Aliyepenya ni Hussein Tuwa, ambaye riwaya yake ya Mfadhili ilisomwa kidato cha tano na sita. Wengine walibaki nje ya geti, na hao hao ndio leo wanaoulizwa kuliko wote. Sioni ajabu. Kitabu ulichokisoma kwa kukificha chini ya dawati si rahisi kukisahau.

Vya darasani navyo vina nguvu yake. Mtanzania wa rika fulani hana haja ya kukutajia mwaka aliozaliwa. Akikwambia alifanyia mtihani Takadini, Watoto wa Mama Ntilie na Joka la Mdimu, na tamthiliya zake zilikuwa Ngoswe, Kilio Chetu na Orodha, umeshamjua. Mkenya naye atakutajia Siku Njema ya Ken Walibora, au Kidagaa Kimemwozea cha huyo huyo, au Chozi la Heri cha Assumpta Matei, na utapiga hesabu mwenyewe. Ni nchi chache ambamo dereva wa bodaboda, nesi na mwanasheria wanaweza kubishana juu ya riwaya moja kwa sababu wote walilazimishwa kuisoma. Huo ni mtaji mkubwa, na magazeti yetu, likiwemo hili, hayajautumia ipasavyo.

Tatizo ni lugha tuliyotoka nayo huko. Mwulize mtu mzima ameonaje kitabu alichomaliza jana usiku, ataanza: dhamira kuu, dhamira ndogondogo, ujumbe, falsafa ya mwandishi, kufaulu kwa mwandishi kifani na kimaudhui. Anajibu swali la saba sehemu C, wala hajui. Nimesoma mapendekezo marefu ya vitabu ambayo hayakuniambia hata mara moja kama mtu huyo alicheka, alichoka, au aliruka kurasa. Ndiyo maana mimi hufurahi mtu anapoandika, "Jamani, mimi nilikiacha katikati." Huyo ametoka darasani. Watamshambulia, watamwita mvivu, lakini kuanzia hapo watu wanaongea juu ya kusoma kwenyewe.

Rosa Mistika ndiyo inayowatoa darasani haraka zaidi. Ni riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ikazuiwa shuleni kwa muda kwa sababu ya mambo ya mapenzi kabla ya kuja kuruhusiwa. Tangazo bora kuliko hilo hakuna mchapishaji angeweza kulilipia. Rosa anakulia Ukerewe chini ya Zakaria, baba mlevi anayemchunga binti kwa kipigo. Akiondoka nyumbani, uhuru ambao hakuwahi kufundishwa kuubeba unamzidi, na mwisho anajitoa uhai. Ukiuliza nani aliyemuua Rosa, jitayarishe. Kinababa wenye mabinti husema kwanza kwamba malezi ya leo ni legelege, kisha mmoja wao hukumbushwa na dada fulani kwamba Zakaria hakuwa legelege hata kidogo. Mwingine ataingiza wakubwa waliomtumia Rosa na kuondoka na heshima zao. Mwingine atasema mwandishi mwenyewe ndiye muuaji, kwa kuwa alimwadhibu msichana kuliko wanaume wote waliomzunguka. Hoja hiyo ya mwisho nimeikuta kwa wasomaji wa kawaida mara nyingi kuliko kwa wasomi, na naiona ina uzito: Kezilahabi alimhurumia Rosa, lakini huruma yake ilimchelewesha tu, haikumwokoa.

Kezilahabi huyo huyo ndiye mwandishi wa Nagona na Mzingile, vitabu vyembamba vilivyowashinda watu wanene wa elimu. Nagona kilitoka mwaka 1990. Wapo wanaokiapia, na wapo wanaosema ni ndoto ya mtu mwenye homa. Kinachonikera ni wale wanaokipendekeza kwa mtu anayeomba "kitabu cha kuanzia." Hapo mpendekezaji anatafuta kusifiwa tu.

Kubishana huku kwa mbali tusidhani kumeletwa na simu. Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na ukurasa wa mashairi ambamo Shaaban Robert naye alituma kazi zake. Watu wasiowahi kuonana, huyu Tanga, yule Tabora, walitegeana mafumbo na kujibizana kwa beti, wakimwomba mhariri nafasi kwanza kama mtu anayebisha hodi. Jibu lilikaa majuma kadhaa njiani. Miaka ya 1970 ugomvi ulikuwa mkubwa zaidi: Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, malenga wa zamani waliona nyumba inabomolewa wakiwa ndani. Washairi Mulokozi na Kahigi wakasimama upande wa mabadiliko, wengine wakaapa kwamba kisicho na vina si shairi. Vita hivyo havijaisha. Bandika leo shairi huru mbele ya wasomaji mia moja, kisha uhesabu dakika hadi mzee mmoja aulize vina viko wapi.

Tofauti ya sasa ni kwamba mabishano yanafika papo hapo na kitabu hakifiki. Pendekezo lolote la kitabu cha Kiswahili hufuatwa na swali moja, "Kinapatikana wapi?", na hapo ndipo tunapoaibika. Vya Shaaban Robert vinapatikana, maana Mkuki na Nyota wamevichapa upya. Vya mtaala vinapatikana maana vina soko la lazima. Lakini riwaya ya mwaka 1978 ambayo haikuwahi kuingia mtihanini utaitafuta kwa wauza vitabu vya mtumba kando ya barabara, katikati ya Biblia, vitabu vya uhasibu na kamusi zilizokatika migongo, na ukiikuta muuzaji ataisoma sura yako kabla ya kutaja bei. Msomaji wa Nairobi anayetaka kitabu kilichochapwa Dar es Salaam mara nyingi humwomba rafiki akimnunulie na kukituma kwa basi. Vitabu vyetu bado vinavuka mpaka kama dagaa, kwa vifurushi vya kufahamiana.

Kwa hiyo watu hurushiana PDF: kurasa zilizopigwa picha kwa simu, kidole gumba cha mpigaji kikiwa kimefunika mstari wa mwisho. Wapo wanaolaani na wapo wanaotetea. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inailinda kazi kwa uhai wote wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, hivyo ulinzi huo umeshapita. Mtobwa alifariki mwaka 2008. Kazi zake ni mali ya warithi wake kwa miaka mingi ijayo, hata kama hakuna duka linaloziuza. Siwezi kumwita mwizi mtu anayetafuta kitabu ambacho hakuna anayekubali kumuuzia. Lakini sielewi yule anayerusha riwaya iliyotoka mwaka jana, ambayo mwandishi wake yumo humo humo ndani akiitangaza kwa bei ya chipsi kuku, halafu anaambatanisha na maneno "someni mpanue fikra."

Oktoba 2021 kulitokea jambo lililotufunua wote. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitangazwa mshindi wa Nobel ya fasihi, na kwa siku kadhaa tulibishana kwa nguvu kama ni Mtanzania, Mzanzibari au Mwingereza. Waliokuwa wamemsoma walikuwa wachache na walinyamaza, labda kwa adabu. Mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis akatoa Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Paradise ya mwaka 1994, na mazungumzo yakabadilika sura: sasa watu waliuliza habari za Yusuf, mtoto anayechukuliwa kwa deni la baba yake, na za Aziz, tajiri ambaye mtoto humwita ami. Mabishano ya pasipoti yakakosa wachangiaji.

Sitaacha kusema jambo moja la kuchosha. Katika kila orodha ya vitabu ninayoiona, nusu ni vya kutajirika: Robert Kiyosaki na wafuasi wake. Sina ugomvi na anayetaka fedha. Ila mtu akiomba riwaya, apewe riwaya.

Mimi nikiulizwa na mtu ambaye hajafungua kitabu tangu amalize shule, humpa kwanza Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960. Ni kifupi, kina maiti, kina Bwana Msa na kiko chake akifikiri polepole huku kila mtu akihangaika. Akikimaliza, namwelekeza kwa Adam Shafi: Kuli, cha wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao, halafu Vuta N'kuvute, ambacho Amil Shivji alikitolea filamu mwaka 2021. Anayekuja akiwa ameshaona filamu namwambia asome hata hivyo, maana Mwajuma wa kitabuni anaongea zaidi, na kila anachosema kinafaa kusikika. Kichwamaji cha Kezilahabi simpi mtu nisiyemfahamu. Kinamalizika vibaya sana, na kabla ya kumpa hupenda kujua kwanza ameamkaje siku hizi. Kuna mwalimu mmoja mstaafu ambaye kila nikisema hivyo hunijibu kwamba wasomaji si watoto, na kwamba yeye alikisoma akiwa na miaka kumi na saba na hakudhurika. Hatujakubaliana bado. Juzi kaniletea nakala yake nikisome tena, nayo sijaifungua.